Kipanya hakitembei, sauti haitoki: tuanzie wapi?



Mwezi huu ninaandika juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: michezo ya zamani ya ordinatere. Papa mmoja aliponisikia nikilitaja aliniuliza, "Pasta, kweli utatuandikia sisi watu wazima mambo ya michezo?" Nikamwambia avumilie asome mpaka mwisho. Maana ni katika mambo ya mchezo nilimhukumu mtoto wa watu bure, na nusura tumpoteze.

Mashini yenyewe

Katika mwaka 2017 parokia yetu ilipewa ordinatere moja iliyotengenezwa miaka ya 1990. Ilikuwa na Windows 98, ekrani ya mgongo mkubwa, klavye, kipanya cha mpira (vijana wanasema suri) na bafle mbili ndogo. Tuliiweka katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Umeme tuliutoa kwenye pano ya jua, batri mbili za gari na konvertisere, na hivyo tuliweza kuiwasha saa mbili tu, siku ya Jumamosi. Watoto walijifunza kuandika barua, na aliyemaliza zoezi lake aliruhusiwa kucheza kidogo.

Mchezo waliopenda kuliko yote unaitwa Lemmings. Ulitengenezwa mwaka 1991 katika mji wa Dundee, huko Scotland. Viumbe vidogo vinatembea vikifuatana, havijui mbele kuna nini, na mchezaji anavigawia kazi kwa kipanya. Kimoja kinachimba kwenda chini, kingine kinachimba kwa mshazari, kingine kinajenga ngazi, na kingine kinasimama na kunyoosha mikono ili kuzuia wenzake wasianguke shimoni. Lengo ni kuwafikisha wengi iwezekanavyo mlangoni, wakiwa wazima.

Watoto wa kwetu hawakuhitaji kuelezwa. Waliuita mchezo wa wakrezeri. Mmoja alitazama viumbe vikiporomoka akasema, "Hawa hawakuweka hata mbao." Wenzake walicheka, lakini mimi sikucheka.

Hukumu ya haraka

Jumamosi moja ya mwaka 2018 tuliwasha mashini tukakuta iko na magonjwa mawili. Kipanya kilipanda na kushuka, lakini kushoto na kuume hakikwenda. Tena, katika mchezo mwingine wa ndege, muziki ulitoka vizuri, lakini milio ya mabomu na sauti za watu hazikutoka, kisha mchezo wote ukaganda. Wiki mbili mbele ya hapo vyote vilikuwa vizima.

Nikauliza nani alikuwa na ufunguo mara ya mwisho. Alikuwa kijana wa miaka 16, aliyetoka kwenye kare huko Rubaya. Kule alikuwa akiosha mchanga wa koltan mtoni, na tulimrudisha shuleni kwa shida nyingi. Mikono yake ilipenda kufungua vitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemkuta mara mbili akiwa na turnevisi.

"Papa pasta, mi sikugusa kitu," akasema.

"Basi nani aligusa? Malaika?"

Vijana wote wakacheka. Nikamnyang'anya ufunguo mbele yao. Jumatatu hakuonekana shuleni. Wiki ya tatu nikasikia kwamba amerudi mlimani.

Tuiache habari hiyo hapo kwanza, tuitazame mashini, kwa sababu kama ningeitazama mashini kabla ya kumtazama mtoto, nisingeandika haya leo.

Kipanya: mambo manne ya kupima

1. Uchafu. Geuza kipanya, zungusha kile kifuniko cha duara, toa mpira. Ndani utaona viroli viwili vidogo: kimoja ni cha kwenda juu na chini, kingine cha kwenda kushoto na kuume. Kuna cha tatu chenye springi, ambacho kazi yake ni kusukuma mpira tu. Vumbi, jasho na nywele hujizungusha kwenye viroli hivyo. Kama upande mmoja tu ndio haufanyi kazi, tazama kiroli chake. Kwangua kwa kucha au kijiti, kisha pangusa kwa kitambaa chenye alkoli kidogo. Usitumie mafuta ya gari, yanaharibu plastiki. Kama kipanya hakisogei hata kidogo, tazama kama mpira uko ndani! Wetu ulipotea siku moja, tukamkuta mtoto wa shemasi akiuchezea bili.

2. Fishi. Vipanya vya zamani viko na fishi za aina mbili. Moja ni pana, yenye matundu 9. Nyingine ni ya duara, yenye sindano 6, iliyoanza na mashini za IBM za mwaka 1987. Ya duara inafanana kabisa na ya klavye, ndiyo maana baadaye waliweka rangi: kijani kwa kipanya, zambarau kwa klavye. Ukiibadilisha, hakuna kitu kitatembea. Tena usiichomeke mashini ikiwa inawaka. Zima, chomeka, washa. Na utazame kama kuna sindano iliyopinda.

3. Piloti. Wengi wanalalamika: "Kipanya kinatembea ndani ya Windows, lakini katika mchezo kimekufa." Hakijafa. Windows iko na piloti yake yenyewe, yaani programu ndogo inayoongoza kipanya. Michezo ya zamani zaidi inaanzia kwenye ekrani nyeusi ya DOS, na ukiifungua kwa njia hiyo, piloti ya Windows haiko. Lazima uite piloti ya DOS kwanza. Kuna moja ya zamani inayoitwa MOUSE.COM na nyingine ndogo zaidi inayoitwa CTMOUSE.EXE. Andika CTMOUSE, bonyeza Enter, kisha fungua mchezo. Ukitaka ijiite yenyewe kila siku, iandike ndani ya faili la AUTOEXEC.BAT, na mbele yake uweke herufi LH, ili ikae nje ya ile memori ndogo ya kilobaiti 640 ambayo michezo inaigombania.

4. Kugongana. Ile fishi pana inaingia katika milango inayoitwa COM. COM1 na COM3 kwa kawaida zinatumia kengele moja, namba 4. COM2 na COM4 zinatumia namba 3. Kama kipanya kiko COM1 na kuna modemu katika COM3, moja itanyamazisha nyingine. Hamisha moja.

Sauti: mambo matano ya kupima

1. Anza nje. Bafle ziko na umeme? Kifungo cha sauti hakikushushwa? Katika mashini nyingi tundu la kijani ndilo la bafle, la pinki ni la mikrofoni, la buluu ni la kuingiza sauti kutoka radio. Jaribu kwa ekuteri za telefoni. Watu wamekwisha kufungua mashini nzima kwa sababu ya uzi uliochomekwa katika tundu la pinki.

2. Jaribu ndani ya Windows. Kama Windows inatoa sauti, karti ya sauti ni nzima. Basi shida iko katika mpangilio wa mchezo.

3. Mwambie mchezo karti gani iko ndani. Michezo mingi ya DOS haitafuti yenyewe. Katika folda ya mchezo tafuta programu inayoitwa SETUP, INSTALL au SETSOUND. Itakupa majina ya kuchagua. AdLib ilitoka Québec, Kanada, mwaka 1987, nayo ilikuwa ya muziki. Sound Blaster ya Creative, kampuni ya Singapore, ilitoka mwaka 1989, ikaongeza sauti za watu na milio halisi. Kampuni nyingine nyingi ziliiga Sound Blaster, kwa hiyo ukiwa na mashaka, chagua hiyo kwanza.

4. Namba tatu. Karti ya Sound Blaster inajulikana kwa maandishi kama haya: A220 I5 D1. Usiogope. A ni namba ya nyumba ambamo karti inakaa. I ni kengele ambayo karti inapiga ili kuita bongo la mashini. D ni njia ya kupitisha mizigo ya sauti bila kumsumbua bwana mkubwa kila mara. Mchezo ukiambiwa kengele ni namba 5, na karti inapiga namba 7, mchezo utangoja mpaka kesho. Ukitaka kujua namba za karti yako, fungua ndani ya Windows orodha ya vifaa, chagua karti ya sauti, tazama sehemu ya rasilimali. Katika DOS andika SET, utafute mstari wa BLASTER. Mistari hiyo miwili lazima ipatane.

5. Sikiliza ni nini kinachokosekana. Hili ndilo lingenisaidia mimi siku ile. Muziki wa aina ya AdLib unatengenezwa na kipande kimoja kilicho juu ya karti, na hauhitaji kengele wala njia. Milio na sauti za watu zinahitaji vyote viwili. Kwa hiyo muziki ukitoka na milio isitoke, au mchezo ukiganda kwenye mlio wa kwanza, tazama I na D. Kama kimya ni kikuu kabisa, tazama uzi, namba A, au kama umechagua karti isiyo yako.

Ukiwa umepima haya yote bila faida, zima mashini, ng'oa uzi wa umeme, gusa chuma cha sanduku, kisha chomoa karti. Futa yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa gomu safi ya shule, pangusa vumbi, irudishe kwa nguvu mpaka ikae. Lakini ile ekrani yenye mgongo, usiifungue hata siku moja. Ndani yake umeme mkali unabaki hata baada ya kuzimwa, nao unaweza kuua.

Daftari la hesabu

Sasa nirudi kwa kijana. Siku nilipoamua kuitazama mashini kwa utulivu, niliona kwanza kwamba kiroli cha upande kilizungukwa na nywele na jasho. Hilo halikuwa kosa la mtu mmoja. Ni uchafu wa mikono yetu sote, na wangu ukiwa ndani.

Halafu nikakuta juu ya meza daftari lake la hesabu. Katika ukurasa wa nyuma alikuwa ameandika kwa uangalifu: A220 I5 D1. Chini yake alichora karti na kila tundu. Nikatazama orodha ya vifaa. Karti ilikuwa inapiga kengele namba 7, lakini mchezo bado ulingoja 5. Nani alibadilisha?

Nikatazama saa ya mashini pembeni ya ekrani. Ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Ndipo nikaelewa. Ndani ya ordinatere kuna kibatri cha duara, mfano wa kipande cha pesa, kinachoitwa CR2032. Kinalinda saa na mpangilio wa mashini wakati umeme hauko. Kilikuwa kimekufa kwa uzee. Tulipochomoa mashini, ikasahau mpangilio wake, na ilipoamka ikagawa kengele upya. Namba 5 ikapewa kifaa kingine, karti ya sauti ikahamishiwa 7. Hakuna mkono wa mtu uliofanya hayo.

Tuliagiza kibatri kipya Goma. Nikafungua SETUP ya mchezo, nikaandika 7. Mlio wa kwanza ukatoka kwa nguvu mpaka mama mmoja akakimbia kuja kuuliza kuna nini.

Nilipanda Rubaya wiki hiyo hiyo. Nilimkuta mtoni, amesimama ndani ya maji ya rangi ya udongo mpaka magotini, pamoja na wenzake. Nilimwambia mbele yao, kama vile nilivyomshitaki mbele ya wengine: "Mwanangu, nilikukosea. Hukugusa kitu. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Batri ilikufa?"

"Umejuaje?"

"Saa ilianza kurudi nyuma mbele ya ile Jumamosi. Nilitaka kukuambia, papa pasta, lakini ulinipokonya ufunguo."

Wapenzi wazazi, fikirini hilo. Aliyejua ugonjwa alikuwa ndiye niliyemfukuza. Na msamaha haukumrudisha siku ile. Alikuwa amekwisha kukopa kwa pedeje wa shimo, na ilimpasa amalize deni. Alirudi baada ya miezi miwili. Katika miezi ile miwili, kila mvua ilipopiga usiku nilikuwa naamka, kwa sababu sisi sote tunajua mvua inafanya nini juu ya mlima uliojaa mashimo.

Mchanga wetu ndani ya sanduku

Aliporudi tulifungua mashini pamoja na vijana wote. Nilitaka waone kitu. Katika vifaa vya namna hii kuna vidonge vidogo vinavyoitwa kondensatere, vinavyoweka umeme kidogo na kuutoa kwa wakati wake. Vile vilivyo bora vinatengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka ndani ya koltan, mchanga mweusi wa Rubaya. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda sana duniani, na katika mwaka 2001 ikaanguka. Wazee wetu wanakumbuka mashamba yaliyoachwa na madarasa yaliyobaki matupu.

Na vile vitone vya fedha vinavyoshikisha kila kifaa, vijana wanaviita sudire, ni bati. Bati linatoka katika kasiterite, kama ile ya Bisie kule Walikale, ambayo ndugu zetu waliibeba migongoni msituni, magunia ya kilo 50. Sudire ya zamani ilichanganywa na risasi, nayo inayeyuka kwa nyuzi 183 hivi. Tangu mwezi wa saba 2006 sheria ya Ulaya inakataza risasi hiyo katika vifaa vingi.

Sisemi kwamba bati la sanduku letu lilitoka Bisie, hakuna anayeweza kulifuatia. Lakini ni madini ya namna ile ile. Kijana mmoja wa Walikale alishika karti ile akasema, "Kumbe ni hii!" Alikuwa amebeba mizigo miaka miwili, na hakuwahi kuona kazi yake ikifanya kazi. Hiyo ndiyo faida ya mashini ya zamani: inafunguka, vipande vyake vinaonekana kwa macho, na mtoto anaweza kuitengeneza. Telefoni za sasa zimegandishwa, hazimfundishi mtu kirahisi.

Kama huna mashini ya zamani

Katika mwezi wa pili 2024, vita ilipozidi upande wa Sake, tulikimbia. Mashini ilikuwa nzito, tukaiacha. Kijana yule alichomoa karti ya sauti, akaiweka ndani ya begi pamoja na daftari. Leo anatengeneza telefoni na radio, analisha mama yake na wadogo wake wawili.

Mwaka jana alinionyesha Lemmings ndani ya ordinatere ya kisasa ya rafiki yake, kwa programu ya bure inayoitwa DOSBox. Inajifanya kuwa mashini ya zamani. Karti yake ya kujifanya kwa kawaida ni A220 I7 D1, basi hizo ndizo namba za kuandika katika SETUP ya mchezo. Kipanya kikikataa, bofya ndani ya dirisha la mchezo. Kikikwama humo, bonyeza Ctrl na F10 pamoja, kitatoka. Mchezo ukienda polepole bonyeza Ctrl na F12, ukienda mbio mno bonyeza Ctrl na F11.

Nilimuuliza kama angali amekasirika. Akacheka: "Papa pasta, wewe ulikuwa kama ule mchezo. Ulingojea kengele ya tano, mimi napiga ya saba."

Basi wazazi, kitu kikiharibika nyumbani, iwe radio, telefoni au konvertisere, pimeni kwanza uchafu, uzi, batri na mpangilio. Mtoto mwulizeni ameona nini, na mngoje jibu mpaka mwisho. Ukigundua kwamba ulimshitaki bure, mwombe msamaha mahali pale pale ulipomshitakia.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya batri za pano ya jua: kwa nini zinakufa mapema, na namna ya kuzitunza. Kaeni salama.